Jinsi ya Kuandika Maisha ya Mwalimu wa Sayansi Aliyeutumikia Mtaa Wake

Katika matanga mengi ya hapa Mombasa, mwalimu mkongwe anapofariki, husimama mtu akasoma karatasi inayosema kwamba marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma shule fulani, akafundisha Kemia na Fizikia kwa miaka thelathini na kitu, akawa mwenyekiti wa kamati hii na ile, kisha akaacha mjane na watoto. Karatasi hiyo haina uongo, lakini ukibadilisha jina tu itamfaa mwalimu mwingine yeyote kuanzia Likoni hadi Kisauni. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya mwanafunzi wa zamani, mtoto, mjukuu au jirani anayetaka kuyaandika maisha ya mwalimu wa namna hiyo angali hai na kumbukumbu zake zingali nzima. Kazi hii nimeifanya mwenyewe kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, juu ya mwalimu aliyenifundisha Kemia, na mengi ninayoyaeleza hapa nimeyajua baada ya kuyakosea kwanza.

Jambo ninalolishikilia ni kwamba tabia iliyomfanya awe mwalimu mzuri maabarani, yaani kupima kabla ya kusema na kuandika alichokiona kama alivyokiona, ndiyo iliyowafanya watu wa mtaa wamkabidhi ufunguo wa kisima na daftari la fedha. Mwandishi asiyeitafuta tabia hiyo atabaki na orodha mbili, moja ya shule na moja ya kamati, zisizojuana.

Kumwendea mwalimu

Usimpigie simu ukamwambia kwamba unataka kuandika habari zake. Wazee wa umri huo hulipokea jambo kama hilo kwa kusema, "Mimi sikufanya kitu, mwanangu," na hapo mlango unakuwa umefungwa kwa adabu. Pitia kwa mtu wa nyumbani, aghalabu mke wake au binti yake mkubwa, umweleze unachotaka na umwombe akutafutie siku. Nenda baada ya alasiri, jua likiwa limepungua ukali, na ikiwa ni mwezi wa Ramadhani ni afadhali ungoje mpaka uishe. Mwite Mwalimu, hata kama wewe sasa ni daktari au mkubwa bandarini, na umwache akuulize kwanza habari za wazazi wako, kwa sababu ndipo anapokuweka mahali pako: wewe ni mtoto wa nani, wa darasa la mwaka gani, na uliketi meza ya wapi.

Mara ya kwanza mimi nilikwenda na maswali arobaini yaliyopigwa chapa. Mwalimu aliyajibu kama mtu afanyaye mtihani, kwa ufupi na kwa mpangilio, na baada ya dakika hamsini tulikuwa tumemaliza na mkononi sikuwa na kitu. Aliyeniokoa ni mkewe, aliyetuletea kahawa na mahamri, akaketi kidogo, kisha akasema, "Muulize habari ya mashati." Mwalimu akacheka. Mama akanieleza kwamba miaka yote ya ndoa yao alikuwa akiloweka shati zima jioni na kuanua shati lenye matundu asubuhi, matundu madogo mfano wa kichwa cha pini, yote yakiwa upande wa mbele, kwenye kimo cha meza ya maabara. Yalikuwa ni matone ya asidi ya sulfuriki iliyozimuliwa: maji ya tone hukauka, asidi inayobaki huzidi ukali na kuzila nyuzi za pamba polepole, na shati huonekana zima mpaka siku lilowekwapo na kusuguliwa. Nilipomuuliza Mwalimu kwa nini hakuvaa koti la maabara, akasema kwamba shule ilikuwa na koti moja tu, naye alikuwa akimvika mwanafunzi aliyeitwa mbele kufanya jaribio. Katika maswali yangu arobaini hapakuwa na hata moja ambalo lingeweza kulileta jambo hilo.

Kwa hiyo maswali yaache nyumbani, nenda na kitu cha kushikika. Picha ya darasa ni nzuri, lakini kifaa ni bora zaidi: pipeti ya kioo, karatasi chache za litmasi, au mrututu kidogo ndani ya chupa, maana mwalimu wa Kemia akiiona ile rangi ya samawati huanza kusimulia kabla hujauliza. Omba ruhusa ya kurekodi kwa simu, uizime feni kwa dakika chache ikiwa joto linavumilika, na uiweke simu juu ya kitambaa ili milio ya vikombe isimeze maneno. Kikao kimoja kisizidi dakika arobaini na tano. Usiku huohuo, kabla hujalala, andika mambo ambayo simu haiwezi kuyashika: alivyoketi, alichokuwa akikishika mkononi alipokuwa akizungumza, na mahali aliponyamaza.

Lieleze somo moja mpaka mwisho

Ufundishaji wa miaka thelathini hauwezi kuelezwa wote, na anayejaribu kuueleza wote huishia kusema kwamba mwalimu alikuwa hodari, mkali na mwenye upendo. Chagua somo moja ambalo wanafunzi wake wengi wanalikumbuka, ulieleze kwa ukamilifu kama lilivyofundishwa, na msomaji atayaona mengine yote kupitia hilo.

Somo nililolichagua mimi lilikuwa la viashirio, yaani vitu kama litmasi vinavyobadili rangi vikikutana na asidi au besi. Litmasi ilikuwa imekwisha shuleni na muhula haujafika nusu, kwa hiyo Mwalimu alikuja na manjano ya unga kutoka jikoni kwake, yamefungwa katika kipande cha gazeti. Aliyakoroga katika spiriti, akachovya vipande vya karatasi nyeupe, akavianika dirishani, naye akaendelea na mambo mengine mpaka vikakauka. Kisha alidondoshea kipande kimoja maji ya sabuni ya mche, na ile rangi ya manjano ikageuka papo hapo kuwa nyekundu ya udongo. Darasa lilinyamaza, kwa sababu kila mmoja alikuwa amekwisha kuliona jambo hilo kwao: kanzu imemwagikiwa mchuzi wa biriani siku ya harusi, inatiwa sabuni, doa linakuwa jekundu, na mama anashika kichwa akidhani kwamba nguo imekwisha. Mwalimu akaikamulia ndimu karatasi ileile, na umanjano ukarudi. Hapo ndipo alipoyaandika ubaoni maneno mawili, asidi na besi, ambayo kwa muda wote huo hakuwa ameyatamka.

Ili kulipata somo kama hili unahitaji watu watatu waliokuwamo darasani, na kila mmoja umhoji peke yake, kwa sababu wakikutana watakubaliana juu ya kisa kimoja kizuri ambacho pengine hakikutokea hivyo. Wanafunzi wa mwalimu wa Mombasa wametawanyika: wengine wako bandarini Kilindini, wengine hospitalini na mashuleni, na si wachache waliokwenda Omani na nchi nyingine za Ghuba, ambao utawapata kwa simu usiku baada ya kazi zao. Waulize vifaa vilikuwa vipi, mwalimu alisimama wapi, nani aliitwa mbele, na ni kitu gani hakikwenda sawa siku hiyo. Wawili kati ya wanafunzi niliowahoji walisema ilikuwa ndimu na mmoja akashikilia kwamba ilikuwa siki. Nililifanya jaribio hilo jikoni kwangu kwa vyote viwili, vyote viwili vikafaulu, kwa hiyo jaribio halikuweza kuamua. Aliyeamua ni yule aliyekumbuka kwamba aliingiwa na ndimu katika mkato wa kidole. Nakushauri ulifanye jaribio lenyewe kila inapowezekana bila hatari, kwa sababu utaandika kwa uhakika juu ya kitu ambacho mikono yako imekishika.

Mahali pa kutafuta somo jingine la kusimulia ni kituo chake cha kwanza cha kazi. Walimu wengi wa pwani walipomaliza mafunzo walipelekwa bara, na huko sayansi yenyewe iliwabadilikia. Mwalimu wangu, aliyezaliwa na kukulia kwenye usawa wa bahari ambako maji huchemka kwa digrii 100, alipangiwa shule ya nyanda za juu, zaidi ya mita 2,000, na siku ya kwanza alipochemsha maji mbele ya kidato cha pili kipimajoto kilikwama kwenye 93. Alikibadilisha kipimajoto mara mbili mbele ya wanafunzi kabla ya kukumbuka kanieneo ya hewa, kisha akawaambia ukweli kwamba mwalimu wao alikuwa amelijua jambo hilo kitabuni tu na ndiyo mara yake ya kwanza kuliona.

Nyaraka, na jinsi ya kuipata miaka

Kila familia ya mwalimu ina bahasha au sanduku la bati lenye vyeti, barua ya kuajiriwa, barua za uhamisho na hati za mshahara. Omba uzipige picha palepale nyumbani, karatasi moja baada ya nyingine, mbele na nyuma, bila kuziondoa, kwa kuwa karatasi iliyotoka ndani ya nyumba hairudi. Tume ya Kuwaajiri Walimu iliundwa mwaka wa 1967. Ukikuta barua ya ajira ya kabla ya hapo itakuwa imetoka kwingine, na hilo si kosa. Mwenye cheti cha S1, yaani cha ualimu wa sekondari, cha sayansi wa kizazi hicho aghalabu atakuwa amepitia Kenya Science Teachers College ya Nairobi, iliyoanzishwa katikati ya miaka ya 1960 kwa msaada wa Uswidi. Hapa kwetu baadhi ya mafundi na walimu walianzia katika taasisi ya ufundi iliyofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya vijana wa Kiislamu, MIOME (Mombasa Institute of Muslim Education), ambayo ilikuja kuwa Mombasa Polytechnic mwaka wa 1972 na sasa ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa tangu 2013. Mtu mmoja anaweza kukutajia majina matatu na yote yakawa ni kiwanja kilekile.

Majina ya mitihani ni saa ya kuaminika kuliko kumbukumbu. Anayesema kwamba watahiniwa wake walifanya EACE anazungumzia wakati wa mtihani wa Afrika Mashariki, kabla Baraza la Mitihani la Kenya halijaundwa mwaka wa 1980; anayesema KCE anazungumzia miaka ya 1980; na KCSE ya kwanza ilifanywa mwaka wa 1989, na kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4, mfumo ambao ulianza mwaka wa 1985. Kustaafu nako kuna hesabu yake: umri ulikuwa miaka 55 mpaka serikali ilipoupandisha kuwa 60 mwaka wa 2009, kwa hiyo mwalimu aliyezaliwa 1949 alistaafu 2004, na ikiwa familia inasema kwamba alistaafu 2009, basi kuna tarehe moja ya kuchunguzwa tena.

Pale ambapo hakuna karatasi, ifunge kumbukumbu kwenye tukio ambalo pwani nzima inalijua. Daraja jipya la Nyali lilifunguliwa mwaka wa 1980. Jaribio la mapinduzi lilikuwa tarehe 1 Agosti 1982. Feri ya Mtongwe ilizama tarehe 29 Aprili 1994, wakafa watu 272, na ukimuuliza mkazi wa Likoni au Mtongwe juu ya siku hiyo uwe tayari kunyamaza naye. Mvua za El Niño zilikuwa za mwishoni mwa 1997 na mwanzoni mwa 1998, na mawimbi yaliyotokana na tetemeko la Sumatra yalifika pwani yetu tarehe 26 Desemba 2004. Kwa mwalimu wa sayansi kuna matukio mengine mawili ambayo hatayasahau. Moja ni setilaiti iliyorushwa kutoka kituo cha Waitaliano cha San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, iliyokuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani, na kwa kuwa ilirushwa siku ya sikukuu yetu ya uhuru ikaitwa Uhuru. La pili ni kupatwa kwa jua kwa tarehe 16 Februari 1980, ambapo ukanda wa giza kamili ulipita kusini mwa Kenya.

Hilo la pili lilinisaidia sana. Wanafunzi watatu walinisimulia jinsi Mwalimu alivyowakusanya uwanjani na kadibodi zilizotobolewa kwa pini, wakawa wanaitazama taswira ya jua iliyomegwa ikianguka kwenye karatasi chini, lakini mmoja alisema ni 1979, mwingine 1981, na wa tatu hakukumbuka mwaka ila alikumbuka kwamba walikuja shuleni bila yunifomu na mama yake akamgombeza kwa hilo. Tarehe 16 Februari 1980 ilikuwa Jumamosi. Yule aliyesahau mwaka ndiye aliyekuwa shahidi bora kuliko wote.

Uongozi wa mtaa

Sehemu hii ndiyo waandishi wengi huiharibu kwa kutaja vyeo. Vyeo vya mtaani kwetu havisemi mengi: mtu anaweza kuitwa mwenyekiti kwa miaka kumi na asifanye kitu, na mwingine akawa anasuluhisha ugomvi wa mipaka, kusimamia michango ya karo na kuzungumza na chifu kwa niaba ya watu bila ya kuwa na cheo chochote, wala barua, wala muhuri. Kwa mwalimu mwanamke ni zaidi, kwa sababu uongozi wake mara nyingi umefanyika katika harusi, katika chama cha kuweka na kuzungusha fedha, na jikoni wakati wa matanga, mahali ambapo hakuna anayeandika kumbukumbu za mkutano. Humo utaingia kwa kuwahoji wanawake wenzake, na ikiwa wewe ni mwanamume, mtume dada yako.

Tafuta kitu kimoja ambacho mtaa ulikuwa nacho kwa sababu yake, na ukifuate kama ulivyolifuata somo moja. Kwa mwalimu wangu kilikuwa kisima. Maji ya mfereji ya Mombasa hutoka mbali, mengine Mzima kule Tsavo, na yanapokatika watu wa Mji wa Kale hurudi kwenye visima vilivyochimbwa na babu zao katika mwamba wa matumbawe. Mwamba huo una vinyweleo vingi, kwa hiyo maji ya bahari huingia kwa chini na uchafu wa vyoo vya shimo huingia kwa pembeni. Wakati wa El Niño vyoo vilifurika, watu wakaogopa kipindupindu, na wengi walikuwa wakitia shabu ndani ya mapipa kama walivyofundishwa na bibi zao, wakiona tope linashuka na maji yanang'aa, wakanywa.

Mwalimu hakuwaambia kwamba bibi zao walikosea. Alichukua gilasi mbili za maji ya kisima, moja akaitia shabu mbele yao mpaka ikawa safi kama ya mvua, kisha akawaeleza kwamba shabu huyakusanya matope na kuyazamisha, ila vijidudu vingi hubaki hai ndani ya maji yanayong'aa. Na kwamba klorini ikitiwa kwenye maji yenye tope humalizwa nguvu na tope lenyewe. Kwa hiyo shabu kwanza, maji yatulie, yachujwe kwa kitambaa, ndipo itiwe klorini kwa kipimo, na kunywa ni baada ya nusu saa. Mzee mmoja wa mtaa aliniambia, "Alitufundisha kama watoto wa shule, na hapana aliyeudhika, kwa kuwa kila alilosema ametuonyesha."

Niliomba kuliona daftari la kamati. Lilikuwa ni daftari la kawaida la mazoezi, lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, na Mwalimu alikuwa amelipigia mistari ya safu nne kwa rula: tarehe, kina cha maji, ladha, na nyumba zenye mgonjwa wa kuharisha. Katika safu ya ladha hakuandika tamu na chumvi tu, bali aliweka daraja tano na kuwachagua wanawake watatu waonje, kila mmoja kwa wakati wake, bila kuambiwa mwenzake amesema nini. Kwa safu hizo aligundua kwamba chumvi hupanda wakati wa kaskazi kila pampu ya jirani mmoja ilipofanya kazi kutwa nzima, kwa sababu maji matamu yakivutwa kwa wingi ya bahari huchukua nafasi yake. Alimwendea jirani huyo na daftari mkononi badala ya kumshtaki kwa chifu, na wakapatana kwamba pampu ifanye kazi kwa muda wa saa mbili asubuhi na muda wa saa mbili jioni. Ninakuhimiza sana ulitafute daftari kama hilo kwa mwalimu wako, la maji, la msikiti, la kanisa, la madrasa au la chama, kwa kuwa utaukuta mkono uleule uliokuwa ukisahihisha vitabu vya mazoezi.

Yaliyo machungu

Kizazi hiki cha walimu kilishika kiboko. Adhabu ya viboko ilipigwa marufuku katika shule za Kenya mwaka wa 2001, na kabla ya hapo ilikuwa jambo la kila siku, kwa hiyo ukiwahoji wanafunzi watano lazima mmoja atakuwa na kisa kisichopendeza. Usikifiche, na usikiandike bila kumpa Mwalimu nafasi ya kujibu. Mimi nilikiahirisha miezi mitatu kwa woga. Nilipomsomea maneno ya mwanafunzi wake, bila kulitaja jina, alikaa kimya akiuzungusha mkufu wa saa yake, kisha akasema, "Liandike. Nalimpiga, na hakuwa na makosa. Nalikuwa nimeudhika na jambo jengine." Nimeyaacha maneno hayo katika Kimvita chake kama alivyoyatamka, kwani kuyasafisha kungeyapoza.

Vivyo hivyo kwa uongozi: mwulize ni mradi gani ulikufa mikononi mwake, na umtafute mtu mmoja aliyempinga, naye umsikilize kwa heshima ileile. Majina ya watu binafsi usiyaandike bila idhini yao. Kuna sheria ya kulinda data ya mwaka wa 2019, na hata kabla ya sheria, Mombasa ni mji wa watu wanaojuana, na kumtaja mtoto aliyeanguka mtihani mwaka wa 1983 ni kumwaibisha mtu mzima anayeuza duka mtaa wa pili.

Kuandika na kurudisha

Usianze na kuzaliwa. Anza na lile somo moja, kisha rudi nyuma kwenye utoto na usonge mbele kwa miaka, na ukifika kwenye kisima au chochote ulichokichagua, tua tena kwa kurasa kadhaa. Miaka ambayo hakuna kilichotokea ipite kwa sentensi moja, msomaji hatakudai. Kila unapotaka kuandika neno la sifa, lifute uweke kitendo chake. Istilahi za sayansi zitumie zile ambazo mwalimu mwenyewe alizitumia darasani, hata kama alichanganya lugha, na ueleze kwa Kiswahili kile kilichotokea ndani ya chupa, kwa kuwa wengi watakaosoma ni watu wa mtaa ambao hawakuingia maabarani.

Rasimu ikikamilika, ichapishe kwa herufi kubwa, mistari iachane, na uache ukingo mpana upande wa kulia, kisha umpe Mwalimu na kalamu. Mwachie wiki nzima. Nakala za mwisho ziwe angalau nne: moja ya familia, moja ya shule alikofundisha muda mrefu zaidi, moja ya maktaba ya Fort Jesus ikiwa watakubali kuipokea, na moja yako, pamoja na rekodi za sauti zilizohifadhiwa mahali pawili tofauti.

Rasimu yangu ilirudi baada ya siku nne ikiwa na alama nyekundu katika karibu kila ukurasa. Pale nilipoandika kwamba jiwe la matumbawe likitiwa asidi hutoa moshi, alikuwa amekata neno moshi na kuandika gesi. Pale nilipoandika kwamba kisima kina kina cha pima saba, alikuwa ameweka alama ya kuuliza na neno moja pembeni: "Nani?" Nilikuwa nimeambiwa na vijana wanaoteka maji. Jioni hiyo alinichukua mpaka kisimani, yeye na fimbo yake, mimi na kamba yenye jiwe, na mjukuu wake wa darasa la sita akiwa na daftari. Tuliishusha kamba mara tatu, tukaipima kila mara kwa utepe wa fundi cherehani, na mtoto akaandika vipimo vyote vitatu kabla ya kukokotoa wastani. Katika kitabu sasa imeandikwa mita 10.9, yaani karibu pima sita, pamoja na tarehe na saa tuliyopima, kwa sababu Mwalimu alitaka msomaji ajue kwamba siku hiyo ilikuwa ya bamvua na bahari ilikuwa imekupwa.